Baridi Haishuki Kasanga

Wapo watu wanaomsingizia shetani, wapo wanaosingizia ndugu wa mume, na tupo sisi wa Ufipa, tunaosingizia baridi. Mtoto akichelewa shule, baridi. Kimea cha ulezi kikigoma kuota, baridi. Bwana harusi akitetemeka mbele ya padri, eti baridi. Kwa muda wote niliofanya biashara ya dagaa kati ya Kasanga na Sumbawanga, nimesikia baridi ikilaumiwa kwa mambo ambayo, ingekuwa na mdomo, ingeshafungua kesi. Ila sikuwahi kuiona ikitumiwa kuficha ugonjwa wa injini, mpaka mdogo wangu alipouza maksai wake akanunua gari.

Maksai walikuwa wanne. Nasema wanne kwa sababu niliwahesabu siku wanaondoka, kisha nikawahesabu tena walipofika upande wa pili wa korongo, kwa jirani. Jirani huyo ni mfugaji aliyekuja na familia yake kutoka Usukuma, mtu mrefu, mpole, anayecheka kwa pua. Waliandikiana kwa mdomo tu, kama watu waungwana: mdogo wangu akirudisha hela kabla ya mvua ya kwanza ya kulimia, atachukua maksai wake kwa bei ileile. Mvua ikinyesha hajarudisha, basi maksai ni wa jirani na mazungumzo yamekwisha.

Yaani gari lilitakiwa lifanye kazi kiangazi chote, likomboe ng'ombe. Likifa kabla ya mvua, mdogo wangu angebaki na chuma kibovu uani na shamba la kulimwa kwa jembe la mkono, yeye na mkewe na migongo yao. Hilo ndilo lililokuwa mezani.

Gari lenyewe alilinunua kwa dalali mjini Sumbawanga bila kunisubiri. Nilifika wakati wameshashikana mikono. Lilikuwa gari la viti saba, viti vya nyuma vimeng'olewa, limepakwa rangi mpya mpaka kwenye mpira wa mlango. Dalali alinionyesha kilomita kwenye dashibodi, chache kama za gari la sista. Nikainama nikatazama pedali ya breki. Mpira umelika hadi chuma kinang'aa.

"Hili gari limetembea kilomita hizo tu?" nikamuuliza.

"Hizo tu, mama."

"Basi huyo mwenye gari alikuwa anakanyaga breki akiwa amelala."

Mdogo wangu akacheka na dalali. Walikuwa wananicheka mimi. Nikaachana nao. Biashara ikishafungwa, kuendelea kunena ni kuuza kelele.

Wiki ile ile nikalala kijijini kwake, kabla hujafika njiapanda ya kwenda Kasesya, ili tushuke pamoja Kasanga kuchukua dagaa. Ilikuwa Julai. Anayeijua Julai ya uwanda ule hahitaji maelezo, na asiyeijua nitamwambia tu kwamba ukiacha maji kwenye beseni nje, asubuhi unayaogopa. Nikatoka nje nimejifunga vitenge viwili na blanketi, nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti mbele ya gari kama anaungama. Chini ya injini amesukuma jiko la mkaa, limewaka, jekundu. Juu ya boneti ametandika gunia na blanketi. Blanketi la kitandani. La wageni. Usiku nilikuwa nimejiuliza kwa nini nimepewa moja.

"Unafanya nini?"

"Naipasha. Bila hivi inagonga."

"Inagongaje?"

"Ni baridi tu, dada. Fundi ameniambia. Oili inaganda."

Mkewe, wifi yangu, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji ya chai, anasubiri jiko lake. "Siku hizi gari linakunywa chai kwanza," akasema. "Sisi tunafuata."

Nikamwambia mdogo wangu atoe jiko, awashe nisikie. Akanuna, akatoa, akapiga stata. Nikasikia. Kwa mbele, upande wa mikanda, kulitoka mlio kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo la maziwa. Krakrakrakra. Ukadumu kidogo, kama muda wa kusema Baba Yetu kwa haraka ya mtu mwenye njaa, kisha ukanyamaza. Injini ikatulia, ikanguruma vizuri, kama mtoto aliyevunja kikombe akajificha.

"Umeona?" mdogo wangu akasema. "Ikipata moto, imepona."

Sikuwa fundi na wala sikujifanya. Lakini nimenunua na kuuza kwa muda wa kutosha kujua kwamba kitu kinachopiga kelele ukikiamsha na kunyamaza ukikizoea, hakijapona. Kimekuzoea.

Tukaanzia mjini kwa huyo fundi wake. Nitamwita fundi kwa sababu mdogo wangu alimwita hivyo. Alikuwa anakula andazi. Akalishika andazi kwa mkono wa kushoto, akachomoa kijiti cha kupimia oili kwa mkono wa kulia, akakifuta kwa vidole, akavinusa, akavifuta kwenye nywele zake, kisha akahamisha andazi kwenye mkono ule ule akaendelea kula. Nimekaa na samaki maisha yangu yote, harufu hainitishi, lakini andazi lile sijalisahau.

"Hii cheni ya taimingi?" nikamuuliza. Jina hilo nililipata kwa dereva mmoja wa lori aliyewahi kunipa lifti, tukapiga maneno njia nzima. Yeye alinieleza kwamba ndani ya injini iko cheni, kama ya baiskeli ila nene, inayofunga sehemu ya chini na ya juu ili valvu zifunguke kwa wakati wake. Ikilegea sana inaruka meno, pistoni zinakutana na valvu, na hapo hutengenezi tena, unazika.

Fundi akatafuna. "Mama, cheni haibadilishwi. Mkanda ndio unabadilishwa. Cheni ni ya maisha."

"Maisha ya nani?"

"Ya gari."

"Na gari likifa?"

"Basi cheni nayo imemaliza maisha yake." Akacheka, mdogo wangu akacheka naye, makombo ya andazi yakaruka hadi kwenye kitenge changu.

Dawa yake ilikuwa oili nzito. Aliitoa kwenye dumu la mafuta ya kupikia, nyeusi kidogo hata kabla haijaingia kwenye injini, inavutika kama uji wa mgonjwa. Ikishafunika, kelele itakufa, akasema. Nilipotaka kujua kwa nini kwenye dashibodi kuna kipande cha utepe mweusi, akajifanya hajasikia. Nikakibandua kwa kucha. Chini yake taa ya injini ilikuwa inawaka, ya njano, imefunikwa macho kama mbuzi anayepelekwa machinjoni. Akairudishia utepe.

"Hiyo inakusumbua usiku ukiendesha," akamwambia mdogo wangu, sio mimi.

Kuna uchafu wa mikono, unaotoka kwa sabuni. Na kuna uchafu wa mtu anayejua kitu kinalia, anakiziba mdomo, na anapokea shukrani. Huo sijui unaoshwa na nini.

Tukashuka Kasanga. Njia ya kushuka bonde haidai nguvu, gari lilijiteremkia lenyewe, mdogo wangu akapiga mluzi njia nzima. Kila tulivyoshuka ndivyo nguo zilivyotuvuka: kwanza blanketi, halafu sweta lake, halafu kitenge changu kimoja. Tulipofika ziwani yeye alikuwa na singlendi na mimi najipepea kwa mfuniko wa boksi. Dagaa hawakuwa wamekauka vizuri, na mimi sinunui maji kwa bei ya samaki, kwa hiyo tukalala tusubiri jua la kesho. Kulala kwenyewe ni kugeuka geuka. Kasanga joto halilali.

Asubuhi, jua ndio linachungulia upande wa milima, jasho limeshaanza kunitoka kwenye kwapa. Mdogo wangu akaingia kwenye gari, akapiga stata.

Krakrakrakra.

Ule ule mlio. Misumari ile ile, kopo lile lile. Tena safari hii ulikaa zaidi. Ungemaliza Baba Yetu ukaanza Salamu Maria.

Nilisimama pale mchangani nikamtazama. Hakunitazama. Alishika usukani kwa mikono miwili kama yuko njiani.

"Zima," nikasema. "Subiri. Washa tena."

Akawasha tena kwa sababu alijua sitaondoka pale. Haikulia sana, maana oili ilikuwa imeshapanda. Nikaachilia muda upite, nikanunua chai, nikainywa yote, nikarudi. "Sasa."

Krakra.

"Haya, niambie," nikasema. "Baridi imekuja na nani huku?"

"Ni upepo wa ziwani, dada. Asubuhi ziwa linatoa ubaridi."

"Umelala na singlendi."

"Chuma si mwili."

"Jasho linakudondoka puani sasa hivi, linaingia mdomoni, unalimeza huku unaniambia ubaridi?"

Akajifuta. Wapakiaji wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia yangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Bro, mpe koti hilo gari, litapata nimonia." Mdogo wangu akafunga kioo, kama kwamba kioo kinazuia aibu.

Nikafungua boneti mwenyewe. Nikachomoa kile kijiti, nikamimina tone kwenye kiganja changu, nikakielekeza juani. Oili ile ya jana ilikuwa imeshakuwa nyeusi kama masizi, na ndani yake zilimeta chembe, ndogo, nyingi, zikigeuka na mwanga. Nikasugua kwa kidole. Zilikwaruza.

"Njoo uone."

Akaja, akatazama. Na hapo mdogo wangu, mwana wa mama yangu, aliyebatizwa na kuhitimu darasa la saba, akanipa jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kutemea mate.

"Hayo ni magamba ya dagaa."

"Dagaa wameingilia wapi kwenye injini?"

"Si mikono yako, dada. Umeshika dagaa tangu jana."

Nilitazama kiganja changu. Nilitazama cha pili, kisafi, kilichoshika dagaa wale wale. Nikamwonyesha vyote viwili, nikavigeuza, nikamwonyesha tena. Ndipo nikaona kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa anaogopa. Baridi ingekuwa ndiyo kosa, baridi ingeisha Septemba, gari lingepona, ng'ombe wangerudi. Kosa likiwa cheni, ng'ombe wameliwa na dalali. Mtu anaweza kumeza magamba mengi sana ili asimeze hilo.

Lakini mbele yetu ulikuwepo mlima. Kushuka ni kushuka. Kupanda, na mzigo, injini inakazwa mpaka inalia. Cheni iliyolegea ikiruka pale kwenye kona za bonde, sio tu injini inakufa, inakufa katikati ya barabara huku gari likianza kurudi nyuma.

"Hatupandi," nikasema.

"Dada, tukiacha mzigo siku ya leo…"

"Nimesema gari halipandi. Mzigo ni wangu, utapanda kwa lori."

"Na gari?"

"Nalo litapanda kwa lori."

Hapo akakasirika kweli. Gari kuvutwa! Njia nzima, watu wanaona! Akasema afadhali lifie mlimani lakini likiwa linatembea. Nikamwuliza kama maksai wake nao anataka wafie mlimani. Akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari, akawa anachora mchanga kwa kijiti cha oili.

Lori lilipatikana, lililoleta mzigo wa boti na linarudi kuelekea mpakani Kasesya. Dereva alitaja bei nikacheka, akataja nyingine nikaanza kuondoka, akaniita. Tukaelewana: atabeba magunia yangu na kulivuta gari hadi njiapanda, na mimi nitampa gunia moja la dagaa. Alichagua gunia. Nikamwambia amechagua vizuri, ila lile si la kuchaguliwa, lake ni hili. Tukabishana tena kidogo kwa heshima ya biashara, akachukua hilo.

Mdogo wangu alikaa nyuma ya usukani wa gari lililozimwa, amefungwa kamba kwenye lori kama ndama, na nikamwona kwenye kioo cha pembeni njia nzima: mdomo umekazwa, macho mbele, sweta likirudi mwilini kadiri tulivyopanda. Hakupiga mluzi.

Lori likatuacha njiapanda, likashika njia yake. Kutoka pale hadi kijijini kuna mwendo, na kuna kilima kimoja kisicho na huruma. Nikamwambia mdogo wangu, tuma ujumbe kwa jirani. Akakataa. Nikatuma mimi.

Jirani akaja na maksai wanne. Wale wale. Alikuwa na mnyororo begani na anacheka kwa pua kabla hata hajafika.

"Shikamoo, shemeji," akanitania, wakati mimi ndiye mdogo kwake. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Nimesikia mashine yako inakohoa asubuhi."

"Ni tatizo dogo tu."

"Hawa hawakohoi," akasema, akimpiga ng'ombe wa mbele kofi la mapenzi. "Na hawaombi jiko. Kwangu mama watoto anapika chai mapema tu."

Wakafungwa. Yule wa mbele, mwenye pembe moja iliyopinda, alipopita karibu na dirisha la gari akasimama. Akaingiza pua yake yote ndani, akamlamba mdogo wangu kuanzia kiwiko hadi bega, ulimi mzito, ute unaning'inia kama uzi. Alikuwa anatafuta chumvi. Mdogo wangu alizoea kuwalambisha kiganjani. Nilitarajia ajifute. Hakujifuta. Aliuacha ute ukauke kwenye sweta lake, na gari likapanda kilima likivutwa na ng'ombe waliouzwa ili kulinunua. Jirani alitembea kando yao kimya. Ninamheshimu kwa huo ukimya, mimi nisingeuweza.

Fundi ilibidi aitwe yule yule, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa ameshavunjika vya kutosha, sikutaka kumvunjia na rafiki. Alikuja kwa bodaboda. Nikampa maji na sabuni kabla ya kugusa kitu. Akashangaa, akaosha.

Alipofungua kava la mbele, hata yeye alirudi nyuma hatua moja. Ndani kulikuwa na tope jeusi, zito, limeganda kwenye kila pembe kama mafuta ya nyama kwenye sufuria iliyosahaulika. Harufu yake ni ya kitu kilichoungua mara nyingi. Cheni ilikuwa imelegea mpaka inaning'inia tumbo. Kikazio chake kilikuwa kimejinyoosha hadi mwisho, hakina tena pa kusukuma. Reli moja ya plastiki inayoiongoza ilikuwa imekatika, vipande vyake tukavikuta chini kwenye bakuli la oili. Na kwenye kava lenyewe, cheni ilikuwa imejichimbia mfereji, inasaga chuma kila asubuhi huku sisi tunachoma mkaa.

"Bado meno mawili matatu iruke," fundi akasema. Halafu, bila hata kukohoa, "Mimi nilisema tangu mwanzo hii ni cheni."

Nilimtazama. Wifi yangu alimtazama. Kuku walimtazama.

"Ulisema ni ya maisha," nikasema.

"Nilimaanisha ikitunzwa. Ukibadilisha oili kwa wakati, na oili yenyewe iwe inayotakiwa, si nzito…"

"Nzito uliiweka wewe."

"Ile ilikuwa ya dharura."

Alitaka kubadilisha cheni peke yake, aache kikazio na reli na magurudumu ya meno yanayoishika, eti bado vina nguvu. Nikamwambia hakuna mtu anayemvisha bwana harusi suti juu ya suruali iliyochanika. Seti nzima. Nililipa mimi, kwa faida ya dagaa, na mdogo wangu akijua kwamba nitamkumbusha hadi mmoja wetu azikwe. Tope likakwanguliwa kwa kijiko ambacho wifi hakukitaka tena. Oili ikawekwa nyepesi, ya kopo lililofungwa, nililolifungua mwenyewe. Utepe nikaubandua. Fundi alipowasha, taa ya njano ikazimika, na upande wa mbele hakukuwa na msumari wala kopo.

Alipokuwa anakusanya vifaa vyake nikahesabu vya zamani vilivyotoka. Cheni haikuwepo. Nikahesabu tena. Nikafungua begi lake: imeshaoshwa kwa petroli, inang'aa, imeviringishwa kwenye karatasi ya nailoni kama mpya.

"Hii unapeleka wapi?"

"Chuma chakavu, mama."

"Chuma chakavu hakiogeshwi."

Nikaichukua. Kuna mtu mahali fulani mjini ambaye hakuuziwa cheni hiyo, na hatajua kamwe ninachomdai. Nimeitundika kwenye msumari nje ya jiko la wifi. Watu wanasema mkanda hubadilishwa kwa umri wake, lakini cheni hubadilishwa kwa dalili. Basi mwenye kutaka kujifunza dalili aje ainyooshe aone ilivyorefuka.

Gari lilifanya kazi kiangazi kilichobaki, mjini na mnadani, mahindi na watu na mara moja jeneza. Siku mbingu ilipoanza kunung'unika, mdogo wangu alivuka korongo na hela zake. Jirani akazihesabu, akampa maksai wake wanne. Mvua ikanyesha wakiwa wanavuka kurudi. Niliwahesabu mlangoni. Baada ya hapo, unanijua, nikawahesabu tena.

Julai ikarudi, maana Julai hairudi kwa kuombwa. Nililala tena pale kijijini, na safari hii nilipewa mablanketi mawili. Alfajiri nikatoka nje. Majani yalikuwa meupe kwa baridi, ng'ombe wanafuka mvuke puani. Jiko lilikuwa jikoni, na chai juu yake. Mdogo wangu amevaa masweta mawili na kofia ya sufu, meno yanagongana, akaingia kwenye gari akapiga stata. Likawaka. Kimya, safi, kama mtu aliyelala na dhamiri njema.

Akashusha kioo. Midomo ilikuwa imemkauka kwa baridi hadi imepasuka.

"Umeona, dada?" akasema. "Mwaka huu baridi si kali."

Nikageuka pembeni, nikatema mate. Yakaganda kabla sijarudi ndani.